Gari limepita kilomita 280,000: sevisi ipi ni ya lazima, ipi isubiri, ipi ni hela ya bure?

Mwendo Mrefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Gari langu limesoma kilomita 283,000. Juzi nimelipeleka gereji kumwaga oili, nikarudi na karatasi ya mambo 19. Kusafisha injini kwa dawa, kuosha nozeli (vinyunyizio vya mafuta), oili ya giaboksi, taimingi belti, plagi, maji ya breki, kulanti (maji ya rejeta), shokapu zote nne, injini maunti (mipira inayoshikilia injini), na mengine. Nikauliza tuanze na lipi. Nikajibiwa: "Yote tu, gari limeshakula umri."

Jibu hilo sikulikubali. Gari likiwa jipya unafuata kitabu tu, inatosha. Likishafika umri huu ndipo unapotakiwa kuchagua, kwa sababu hela ya dawa ya kusafisha injini ndiyo hiyo hiyo ambayo ingenunua belti. Wengi tunayamaliza magari kwa njia hii: tunafanya vingi visivyohitajika, fungu linakauka, na kile kimoja cha lazima kinasogezwa mbele mpaka siku kinapokatika njiani.

Nimekaa na ile karatasi na kitabu cha gari jioni mbili. Kila mstari nimeuuliza maswali mawili. Kitu hiki kikifa, kinaondoka na nini? Na kabla hakijafa, kitaniambia au kitakwenda kimya?

Chukua plagi. Zikichoka, injini inatetemeka gari likiwa limesimama, inakosa nguvu mlimani, taa ya injini inawaka. Zinakuambia mapema. Ukipuuza kwa miezi, petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuyaunguza masega (kisafisha moshi kilichomo humo), lakini muda wa kuchukua hatua unao. Sasa chukua taimingi belti. Ni mpira wenye meno unaopanga zamu ya pistoni na valvu, umefichwa nyuma ya kava, hauteti. Leo unaendesha vizuri, kesho umekatika. Kwenye injini ambazo pistoni na valvu zinapita eneo moja kwa zamu, belti ikikatika zamu inavurugika, pistoni zinazigonga valvu na kuzipinda. Hapo si sevisi tena, ni kufungua silinda hedi.

Kwa hiyo belti imepanda juu kabisa ya orodha yangu, plagi zimeshuka katikati. Kitabu changu kinasema belti ni kila kilomita 100,000, na sina rekodi kwamba imewahi kubadilishwa mara ya pili. Kabla hujaogopa, hakikisha kwanza gari lako lina belti au cheni. Toyota 1NZ-FE ni cheni, 1HZ ya dizeli ni belti, Subaru EJ20 ni belti. Wenye cheni nyie msiiguse.

Kundi la pili ni vimiminika, nalo ndilo nililolifikiria kuliko yote, maana ni vya bei nafuu na vinalinda vitu vya bei kali.

Oili ya injini haina mjadala. Ila someni kitabu vizuri: mara nyingi kuna jedwali mbili, moja la matumizi ya kawaida, jingine la matumizi magumu. Changu kinasema 10,000 kwa kawaida na 5,000 kwa magumu. Watu wakisikia "magumu" wanadhani ni jangwani au kuvuta tela. Safari fupi fupi nazo zimo. Foleni imo. Vumbi limo. Ukiendesha kilomita nne halafu ukazima, oili haijapata joto la kutosha kukausha unyevu na petroli iliyovujia ndani yake, na uchafu huo unabaki humo ukigeuka tope. Gari la safari ndefu lenye kilomita 300,000 linaweza kuwa na injini safi kuliko la sokoni na nyumbani lenye 120,000.

Maji ya breki nilikuwa nayachukulia poa, sasa nimebadilika. Yanavuta unyevu kidogo kidogo kupitia mipira, hata gari lisipotembea. DOT ni madaraja ya maji ya breki: DOT 3 mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205, ikishalowa ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto, maji yaliyolowa yanachemka, mvuke unabanwa kama puto na pedali inazama mpaka chini. Hakuna dalili yoyote ukiwa tambarare. Kikifa kinaondoka na nani? Na wewe. Kwa hiyo ni kila miaka miwili, bila kujali kilomita.

Kulanti nayo. Rangi si kipimo, usichanganye kwa sababu zote ni nyekundu. Kinachoisha ndani yake ni dawa ya kuzuia kutu, na huwezi kuiona ikiisha. Na kuna kifuniko cha rejeta ambacho hakikuwa hata kwenye karatasi ya gereji! Kazi yake ni kushika presha. Kwa presha ya takriban bari 1 juu ya ile ya hewa, hata maji matupu hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Mpira wa kifuniko ukichoka, presha inatoka, na injini iliyokuwa salama inaanza kuchemsha. Watu wamenunua rejeta mpya kwa ajili ya kifuniko. Kikague injini ikiwa imepoa kabisa, tafadhali, maji yale yanaunguza vibaya.

Nilivyokata bila kusita: kusafisha injini kwa dawa, na kuosha nozeli wakati gari halina dalili yoyote. Shokapu nitazikagua, sizibadilishi kwa umri. Injini maunti zinasubiri.

Oili ya giaboksi ndiyo imenishinda kuamua. Wenye uzoefu naomba mnisaidie, na pale nilipokosea nirekebisheni.

---

Kanyaga Twende

Mkuu umegusa penyewe. Yangu ni otomatiki, iko 240,000 na oili ya giaboksi haijawahi kuguswa tangu niinunue ikiwa na 90,000. Kila mtu ananiambia "usiiguse, ukiigusa inakufa." Jirani yangu alibadilisha, wiki tatu baadaye gia zikagoma. Nifanyeje?

---

Shimo la Gereji

Kanyaga Twende, mimi ni fundi, niko kazini miaka 22. Hilo la jirani yako nimeliona mara nyingi, nikueleze linavyokwenda.

Mtu haji kubadilisha oili ya giaboksi wakati gari ni zima. Anakuja gia zimeshaanza kuteleza, injini inapandisha mizunguko lakini gari halisogei sawasawa. Klachi za ndani zimeshalika. Anabadilisha oili akitumaini itaponya, haiponyi, baada ya wiki tatu inakufa, oili mpya inabeba lawama. Ile giaboksi ilikuwa inakufa hata bila kuguswa.

Ila msemo huo una chembe ya ukweli. Oili ya zamani sana imejaa unga wa klachi. Ukiisukuma kwa mashine ya kusafishia, uchafu uliokuwa umetulia unanyanyuka na kwenda kuziba njia nyembamba za valvu bodi (sehemu inayogawa oili kwenye gia). Kwa hiyo gari lenye kilomita nyingi na historia isiyojulikana situmii mashine.

Fanya hivi. Kama ina dipstiki ya giaboksi, itoe, paka oili kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyekundu iliyofifia au ya kahawia lakini haina harufu kali, una nafasi. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, jua ndani kumeshalika. Kisha fungua sampu (bakuli la oili la chini), angalia sumaku zake. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida, hapo simamisha, usinunue oili, anza kutafuta giaboksi.

Kama kuko sawa, mwaga inayotoka, rudisha kiasi kile kile. Haitatoka yote, nyingine iko kwenye tokakonveta (kiunganishi cha injini na giaboksi). Tuseme inatoka asilimia 40. Tembea wiki kadhaa, rudia, kisha mara ya tatu. Baada ya mara tatu iliyobaki ya zamani ni kama asilimia 22 tu, na hujaishtua giaboksi.

Aina ya oili ndiyo inayoua kuliko kubadilisha. Giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) usiitie oili ya otomatiki ya kawaida hata tone, mkanda wake wa chuma unategemea msuguano wa oili yake maalumu. Na kiwango kinapimwa kwenye joto lililoandikwa kitabuni. Ikizidi ni tatizo, ikipungua ni tatizo.

Mwendo Mrefu, umeandika vizuri lakini nakupinga kwenye cheni. "Msiiguse" si ushauri. Cheni haina tarehe ya kubadilishwa, ni kweli, lakini inalegea, hasa kwa mtu anayechelewesha oili, kwa sababu tenshena (vikazio) nyingi za cheni zinasukumwa na presha ya oili hiyo hiyo. Cheni inaongea. Ukiwasha asubuhi injini ikiwa baridi, ukasikia mchakacho wa sekunde chache kama mnyororo unaoburuzwa, sikiliza. Mashine ikitoa kosa P0016, maana yake kranki (shafti ya pistoni) na kamshafti (shafti ya valvu) hazisomani, cheni iliyolegea ni mshukiwa wa kwanza. Kwa maswali yako mwenyewe, cheni iko upande wa vitu vinavyosema.

---

Mwendo Mrefu

Fundi nimekuelewa na nimekubali, nilikosea pale. Wenye cheni mfuate alivyosema Shimo la Gereji.

Hesabu ya asilimia 22 imenitoa woga. Yangu ina dipstiki, kesho naipima kwa karatasi nyeupe.

---

MamaWawili

Hamjambo ndugu zangu. Gari langu lina 265,000, linakula oili kama lita moja kila kilomita 2,000. Fundi wangu amesema injini ifunguliwe, ringi zimekwisha. Fedha ya kufungua injini sina kwa sasa, na gari ndilo linalopeleka watoto shule. Hali yangu ni mbaya kiasi gani?

---

Shimo la Gereji

Dada, pole, ila si mbaya kama ulivyotishwa. Kuna watengenezaji wanaoandika kwenye vitabu vyao kwamba hadi lita moja kwa kilomita 1,000 bado inakubalika. Mimi binafsi naona hicho ni kiwango cha juu mno, lakini wewe uko nusu yake.

Anza na vya bei nafuu. Chini ya gari kuna matone? Tandika kadibodi usiku mmoja uone. Gasketi ya kava ya valvu inavuja? Halafu valvu ya PCV. Hiki ni kitu kidogo sana kinachopitisha mvuke wa ndani ya injini urudi kuunguzwa. Kikiziba, presha inajaa ndani na oili inatafuta pa kutokea, kwenye sili au kwenye silinda. Kikikwama wazi kinafyonza oili moja kwa moja. Nimeona magari yamepunguza kula oili kwa kubadilisha hicho tu.

Vikikaguliwa hivyo na bado inakula, dai kipimo cha kompresheni (presha ndani ya silinda) kabla ya mtu kugusa bolti ya hedi. Kipime silinda zote, kikavu, kisha utie oili kidogo kila silinda upime tena. Ikipanda sana kwa oili, ringi zinahusika. Isipopanda, tafuta kwenye valvu. Bila namba hizo mtu anayekuambia "fungua injini" anabahatisha kwa hela yako.

---

Mwendo Mrefu

MamaWawili, naongeza moja ambalo naliona ni la kufa na kupona. Gari linalokula oili halifi kwa kula oili. Linakufa siku lita zinapoisha na mwenyewe hajui. Ile taa nyekundu ya kopo la oili kwenye dashibodi kwa magari mengi haipimi kiasi, inapima presha. Ikiwaka ukiwa barabarani, huenda chuma tayari kinasagana na chuma. Zima hapo hapo, usiseme utafika nyumbani.

Kwa hiyo wewe sevisi yako ya kwanza ya lazima ni kuvuta dipstiki kila ukijaza mafuta, gari likiwa tambarare na limezimwa dakika chache. Beba lita moja kwenye buti, ya aina ile ile. Ukifanya hivyo, gari hilo linaweza kupeleka watoto shule miaka kadhaa likiwa linakula oili yake.

---

MamaWawili

Asanteni sana, mmenitua mzigo. Hiyo PCV sikuwahi kuisikia kwa fundi yeyote. Nitaleta majibu.

---

Msafiri wa Alfajiri

Swali la wengi: nimenunua gari mkononi, odometa inasema 98,000 lakini pedali ya breki imelika mpira, usukani unang'aa na kiti cha dereva kimebonyea. Naamini imechezewa. Nitafuata kitabu kwa kilomita zipi?

---

Mwendo Mrefu

Usifuate odometa. Hesabu kwamba hakuna kilichofanyika, anza sifuri: oili na filta yake, filta ya hewa, kulanti, maji ya breki, belti kama ipo, na giaboksi kwa ile njia ya fundi. Andika tarehe na kilomita kwenye daftari linalokaa ndani ya gari. Kuanzia siku hiyo historia unayo, hata kama namba ya dashibodi ni ya uongo.

Na vitu vya mpira visikusumbue kwa kilomita, vinazeeka kwa miaka. Matairi yenyewe yanajitaja. Ubavuni kuna maandishi DOT, mwisho wake tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimeona tairi lenye kashata (meno yake) nzima, mwenyewe anajivunia, kumbe lina miaka 11 na nyufa ubavuni. Hilo linapasuka kwa mwendo.

---

Kanyaga Twende

Kuhusu dawa ya kusafisha injini, mbona mimi niliweka na gari ikawa nzuri tu?

---

Shimo la Gereji

Injini iliyokuwa safi haitadhurika sana na dawa, na haitafaidika. Shida ni injini yenye tope. Dawa inalibandua vipande vipande, vinashuka kwenye sampu, vinakwenda kuziba kichujio cha pampu ya oili. Presha inashuka, bearing za kranki zinakufa, injini inanoki. Nimefungua za namna hiyo, kichujio kimezibwa kama kimepakwa lami. Mwenye injini chafu abadilishe oili nzuri mapema mapema, kila 3,000 mara tatu au nne. Oili yenyewe ina dawa za kusafisha, inafanya taratibu bila kubandua.

---

Mwendo Mrefu (mrejesho, wiki tatu baadaye)

Wakuu, nimerudi.

Belti imetolewa. Mgongoni ina nyufa za kupitana, meno mawili yameanza kuachia kitambaa chake. Pampu ya maji inayozungushwa na belti hiyo hiyo ilikuwa na alama ya kulanti iliyokauka chini yake, yaani imeshaanza kuvuja. Nimebadilisha belti, tenshena, pampu na sili za mbele kwa pamoja, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile na sitaki kulipia mara mbili.

Giaboksi: karatasi nyeupe ilitoa kahawia, bila harufu. Sumaku zilikuwa na unga laini. Nimemwaga mara ya kwanza, mara ya pili ni mwezi ujao.

Maji ya breki yaliyotoka yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyochacha.

Lakini kilichonishtua hakikuwemo kabisa kwenye ile karatasi ya mambo 19. Nilinyanyua gari kwa jeki niangalie shokapu, nikaweka na stendi, nikashika tairi la mbele kulia juu na chini nikalitikisa. Likacheza na kugonga. Boljointi ya chini (kiungo kinachoshikilia tairi) imelegea, buti yake (mpira unaoifunika) imechanika na grisi imekauka. Ikichomoka kwenye mwendo, tairi linalala ubavu na usukani haukusaidii tena. Shokapu nilizoambiwa nibadilishe zote nne ni kavu, hazivuji, matairi hayana mabonde. Nilikuwa nitoe hela ya shokapu nne nzima huku boljointi iliyokufa iko sentimita chache pembeni yake.

Naomba kila mwenye gari la umri huu afanye hivyo wikiendi hii. Juu na chini kwa boljointi na bearing, kushoto na kulia kwa tairodi endi (viungo vya usukani). Ni dakika kumi kila tairi.

Fundi, swali la mwisho: boljointi ya kulia nimeshaagiza. Ya kushoto haichezi, buti ni nzima. Nibadilishe zote mbili?

---

Shimo la Gereji

Kama haichezi na buti haijachanika, iache. Ikague kila ukimwaga oili. Ya kulia usiendeshe gari mpaka ifungwe, hata kwenda gereji. Fundi aje na vifaa hapo lilipo.

---

Mwendo Mrefu

Limeegeshwa toka jana. Anakuja kesho asubuhi.